Mzee Hataki Kitu

Nchi yetu siwezi kuitaja jina, kwa sababu jina lake limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na bado halijarudi. Lakini ni nchi nzuri. Ina bendera, ina redio, na ina Wizara ya Uzee, Busara na Mambo ya Kale, ambayo waziri wake ndiye kijana kuliko mawaziri wote, ili asije akapendelea.

Mimi ni mshairi. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mizani kwa kusikiliza redio ya jirani kupitia ukutani na kupanga punje za mahindi sakafuni, nane huku, nane kule, mpaka bibi yangu akauliza kama nilikuwa nataka kupika au kupanda. Nilipofika miaka ishirini na miwili nilijipa mwenyewe jina la Malenga wa Mpando, kwa kuwa waliostahili kunipa walikuwa wanachelewa. Mpando ndio mji wetu. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu akanitetea kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua. Angalau nilijua kuhesabu mpaka nane.

Bibi yangu ni Bi Mashavu, na ndiye aliyenilea. Ananiita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na akikasirika husema atadai talaka. Kila Jumanne hupanda kilima kwenda zahanati kuchukua vidonge vya presha. Zahanati yetu iko juu kabisa. Serikali iliijenga huko ili mgonjwa akifika awe tayari amefanya mazoezi. Katikati ya njia palikuwa na gogo la mkaratusi lililoangushwa na upepo mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Wazee wa Mpando walikaa hapo, wakashusha pumzi, wakasengenya kidogo, kisha wakaendelea. Gogo lilikuwa limeanza kuoza. Upande mmoja uliingiliwa na siafu, na wazee wakawa wanajibana upande wa pili kama ndege kwenye waya wa umeme.

*

Siku moja redio ilitangaza Ruzuku ya Taifa ya Miji Rafiki kwa Wazee. Kila mji ujaze fomu na kueleza wazee wake wanahitaji nini, na mji utakaoeleza vizuri kuliko yote utapewa. Mtendaji wa mtaa wetu, Bwana Pazi, ambaye huvaa mhuri shingoni kama refa anavyovaa filimbi, alikuja nyumbani na fomu ndani ya bahasha.

“Malenga,” akasema, “kazi hii inataka mtu wa maneno.”

Aliniita Malenga. Alikuwa wa kwanza. Ningemjazia hata fomu ya kunipeleka jela.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kurasa kumi na tatu ziliuliza majina ya wajumbe wa kamati, vyeo vyao, vyeo wanavyotarajia, na saizi za suti zao. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na swali moja: Wazee wa mahali penu wanahitaji nini? Chini yake palikuwa na mstari mmoja mfupi wa kujazia.

Nilimfuata bibi. Alikuwa anachambua mchele.

“Benchi,” akasema.

“Benchi tu?”

“Benchi. Pale kwenye gogo. Liwe na pa kuegemea.”

“Bibi, hii ni serikali. Omba kitu kikubwa.”

“Umewahi kupanda kile kilima na magoti yangu?”

“Hapana.”

“Basi andika benchi, mume wangu. Usiniletee mambo yako ya redioni.”

Nikaenda chumbani. Naapa kwamba niliishika kalamu nikiwa na nia ya kuandika benchi. Lakini nililitazama lile neno, nikaliona kama mtu aliyekuja harusini amevaa kaptula. Nikawaza: huko wizarani watasoma fomu mia tatu, na zote zitakuwa na benchi, choo, taa, benchi, choo, taa. Nani atajua kwamba Mpando kuna mshairi? Bibi hajui kusoma. Nikauacha ule mstari mfupi, nikageuza karatasi, nikaandika nyuma:

Mjini kwetu Mpando, tunao watu muhimu,
Wamejawa na upendo, na busara ya kudumu,
Wamepungukiwa mwendo, magoti yana ugumu,
Mzee hataki kitu, ila kupewa salamu.

Benchi lilitakiwa kukaa kwenye ule mstari wa mwisho. Nililitafutia nafasi, Mungu anajua. Lakini nilikwishaanza na muhimu, kudumu na ugumu, na vina ni vina. Hakuna samani hata moja katika nchi yetu inayoishia na mu. Nilijaribu kiti, kigoda, kochi, mkeka, hata kitanda. Kisha salamu ikaja yenyewe, ikaketi mahali pake bila kusukumwa, nane kwa nane, na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama.

Nilipotoka bibi aliuliza, “Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Benchi?”

“Bibi, si nimekwambia nimeandika.”

“Mungu akuweke,” akasema, akarudi kwenye mchele wake.

*

Tulishinda. Katibu Mkuu wa Wizara, Mheshimiwa Dakta Anselm Kitwange, aliusoma ubeti wangu redioni kwa sauti iliyolowa. Alisema kati ya miji mia tatu na kumi, miji mia tatu na tisa iliomba vitu. Alilitamka neno vitu kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Mji mmoja tu, akasema, ndio ulioomba jambo ambalo serikali inalo tele. Kwa hiyo ruzuku yote ingeletwa Mpando kwa ajili ya kuwapa wazee salamu.

Mtu wa kawaida anaweza kudhani salamu hazihitaji ruzuku. Mtu huyo hajasoma utawala. Yalikuja magari marefu. Ilijengwa Ofisi ya Salamu. Ilifanyika semina ya siku tisa katika hoteli ya ghorofa sita iliyoko mkoa mwingine, na wazee hawakualikwa, kwanza kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, na pili kwa sababu mada zilikuwa zinawahusu. Waliajiriwa wakaguzi wa salamu, wakapewa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni: Mzee hataki kitu, ila kupewa salamu. Mimi nilikuwa natembea nyuma yao barabarani makusudi ili niusome mstari wangu. Wakigeuka kushoto nilikuwa nageuka kushoto, hata kama kwetu ni kulia.

Kisha likaja bango. Wataalamu walipima mji mzima wakitafuta mahali ambapo bango lingeonwa na wazee wengi zaidi. Baada ya wiki mbili waligundua kwamba wazee wengi zaidi hupatikana katikati ya kilima cha zahanati, kwenye gogo. Wakaliondoa gogo, wakalisimika bango.

Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Gogo lilipasuliwa kuni za kupikia wageni wa uzinduzi.

Jumanne iliyofuata nilimsindikiza bibi. Alipofika pale alisimama, akatafuta kwa mkono nyuma yake kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani, hakukuta kitu. Akaegemea nguzo ya bango. Mlinzi wa bango, maana lilikuwa na mlinzi, akamgusa bega kwa adabu kubwa.

“Shikamoo bibi. Usiegemee shairi.”

Bibi akatazama juu. “Pameandikwa nini hapo, mume wangu?”

“Pameandikwa wazee waheshimiwe.”

“Na benchi je?”

“Linakuja.”

“Basi waambie waharakishe,” akasema. “Mimi naenda, sirudi nyuma.” Akaendelea kupanda, anapumua kwa mluzi.

*

Wasomaji wa nchi nyingine labda hawajui shikamoo ni nini. Ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na mkubwa akishasalimiwa hujibu marahaba. Salamu isiyojibiwa ni deni, na mzee anayekaa kimya hutazamwa vibaya kuliko kijana aliyepita bila kusalimia. Sasa wizara ilikuwa imeamuru kila mkazi wa Mpando atoe shikamoo thelathini kwa siku na kuzithibitisha katika Daftari la Salamu, kwa dole gumba la mzee aliyesalimiwa. Asiyetimiza hapati barua ya mtaa, na bila barua ya mtaa, katika nchi yetu, huwezi hata kuzikwa.

Wakazi wa Mpando ni elfu nne. Wazee waliosajiliwa ni kumi na mmoja.

Nadhani mnaweza kupiga hesabu. Mimi sikuipiga. Alfajiri watu walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwetu, madaftari mkononi. Shikamoo bibi. Marahaba. Shikamoo bibi. Marahaba. Kidole hapa. Shikamoo bibi. Bibi alikunywa uji kati ya marahaba na marahaba. Dole gumba lake likawa zambarau, halafu likawa jeusi, na wino ukaingia kwenye ugali. Wauza karanga walikuja kuihudumia foleni. Wasichana wa shule walimsalimia mara kumi kumi mfululizo bila kupumua ili wawahi namba shuleni, na bibi, ambaye hajawahi kumnyima mtoto jibu maishani mwake, alijibu zote kumi.

Jirani yetu, Mzee Ruhuza, alizipaka mvi zake dawa nyeusi ya viatu na kuanza kutembea kwa kurukaruka. Wakaguzi walimgundua jua lilipopanda, dawa ilipomtiririkia shingoni.

“Bi Mashavu,” alimwambia bibi kupitia ua, “kuna mtu amesema sisi hatutaki kitu. Nikimjua huyo mtu nitamwonyesha kwamba kuna kitu kimoja nakitaka, nacho ni shingo yake.”

“Ni hao wa wizarani,” bibi akajibu. Sauti ilikuwa imembakia kidogo. “Mjukuu wangu aliwaandikia vizuri tu. Aliandika benchi. Wao ndio hawakusoma.”

Mimi nilikuwa ndani, napiga pasi suti ya kukodi ya uzinduzi. Niliacha pasi juu ya mkono wa koti mpaka ikaunguza. Sikutoka.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa shule. Viongozi walikaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Wazee kumi na mmoja walisimamishwa mbele, juani, kwa kuwa mwongozo ulisema mzee aliyekaa huenda salamu ikampita juu. Mimi nilikaa kwenye kochi, kulia kwa Mheshimiwa. Kochi lilikuwa laini kiasi kwamba nilikuwa nazama, na kila nikijiinua nilikuwa namwona bibi.

“Ndugu wananchi,” alisema Mheshimiwa Kitwange, “zipo nchi zinazowapa wazee wao viti. Nasikitika. Mzee akishaketi, nani atamwona? Zipo zinazowapa wazee mikongojo. Huko ni kumwambia mzee kwamba miguu yake haitoshi, ni matusi. Sisi tumechagua njia ya utamaduni. Mzee wetu anasimama wima, akipokea heshima yake, bila kudai, bila kulalamika, kama mnara wa mashujaa. Na maneno haya si yangu. Ni ya kijana huyu.”

Alinisimamisha. Akatoa nishani ya shaba yenye picha ya kalamu, akaanza kunibandika kifuani. Kwa kuwa protokali inadai hivyo, aliuliza kama kuna mzee mwenye neno la shukrani.

Bibi alinyoosha mkono.

“Mheshimiwa,” akasema kwa sauti yake iliyokwaruzika, “tunashukuru kwa salamu. Zimetosha. Sasa tunaomba lile benchi.”

“Benchi gani, mama?”

“Lililoandikwa kwenye fomu. Mimi mwenyewe nilimtamkia mjukuu wangu, naye akaliandika. Ndiye huyo unayembandika.”

Mheshimiwa alinigeukia, pini ya nishani ikiwa bado mkononi mwake, nusu imeingia kwenye koti. Alijaribu kunong’ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

“Malenga, uliandika benchi?”

Nimewahi kujibu watu kwa beti sita bila kufikiri. Nimewahi kumtukana dereva wa lori kwa vina vya kati na vya mwisho. Siku hiyo nilitazama nishani, nikatazama viatu vyangu.

“Niliandika yaliyosomwa, Mheshimiwa.”

“Na yaliyosomwa yana benchi?”

“Hayana.”

Niliinua macho kwa sababu nilitegemea kusikia matusi, na ningeyapokea. Bibi alikuwa ananitazama kama anavyonitazama nikiwa na homa.

“Basi labda ni mimi,” aliwaambia watu. “Nilikuwa nachambua mchele. Labda sikutamka. Yeye asilaumiwe, ana mambo mengi kichwani.”

Mheshimiwa Kitwange alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hivyo ndivyo watu wakubwa wanavyofikiri.

“Lakini wewe, mama, unalitaka hilo benchi?”

“Nalitaka.”

“Mtendaji, umesikia? Analitaka.” Akaugeukia umma. “Ndugu wananchi, sera yetu iko wazi, na iko kwenye bango. Mzee hataki kitu. Mama huyu anataka kitu. Kwa hiyo mama huyu si mzee.”

Watu walipiga makofi, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanapita. Pini ikazama. Ilinichoma kifuani kidogo, na nikaona ni haki.

*

Bwana Pazi alikuja kesho yake na kadi mpya na mhuri wake.

“Hongera, Bi Mashavu,” alisema. “Wengi wanaitamani.”

Kadi ilisema bibi yangu ni kijana. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa umeachwa wazi ili ajaze anaoupenda. Foleni mlangoni ilihamia kwa Mzee Ruhuza siku hiyo hiyo, na bibi alipewa daftari lake mwenyewe, kwa sababu kijana anadaiwa shikamoo thelathini. Mtu wa kwanza kusalimiwa naye alikuwa huyo huyo Mzee Ruhuza, ambaye bibi alimbeba mgongoni akiwa na miezi saba.

“Shikamoo babu,” bibi akasema kwenye ua.

“Dada, usinitukane.”

“Jibu, nahitaji kidole.”

“Marahaba, binti,” alisema Mzee Ruhuza kwa uchungu. “Soma kwa bidii.”

Wakacheka wote wawili mpaka bibi akashika mti wa ua. Mimi sikucheka. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne alipanda kilima bila kupumzika popote, alifika zahanati baada ya saa mbili, na dirisha la wazee halikumpokea. Lilimwelekeza dirisha la vijana. Dirisha la vijana halina vidonge vya presha. Lina ushauri. Alirudi na kipeperushi kinachomwonya ajiepushe na makundi mabaya, na mwaliko wa kujiunga na timu ya kabumbu ya wasiozidi miaka ishirini. Alinipa nimsomee. Nikamsomea.

“Wamenipa namba gani?” aliuliza.

“Tisa.”

“Afadhali. Golini ningesimama sana.”

Tangu hapo Mzee Ruhuza alikuwa anakata vidonge vyake kwa wembe na kumpa bibi nusu kupitia kwenye ua, wakati hakuna mkaguzi. Wote wawili walikuwa wanaishi kwa nusu. Usiku nilikuwa namsikia bibi akipumua, nikajikuta nahesabu: moja, mbili, tatu. Pumzi haikufika nane hata mara moja bila kukatika.

*

Bibi aliamua kwamba atapanda kila Jumanne vilevile, mpaka dirisha la wazee limchoke. “Wataona mvi zangu kila wiki,” alisema. “Mvi si dawa ya viatu.” Nikambebea kigoda. Tulipofika kwenye bango nikakiweka chini, na mlinzi akakichukua.

“Hiki ni kitu,” akasema. “Mzee hataki kitu.”

“Huyu si mzee. Ana kadi.”

“Basi kijana anakaliaje kigoda wakati wazee wanapita?”

Alikuwa na jibu la kila upande. Serikali yetu huajiri watu makini. Nikageuka, nikachuchumaa. “Panda mgongoni, bibi, nikubebe.”

“Ondoka hapo. Anayebebwa ni mtoto au maiti. Mimi nimepewa namba tisa.”

Lakini midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na mkono wake ulikuwa unatafuta tena ile swichi isiyokuwepo. Sikupanga nilichofanya. Nilishuka kwa magoti pale lilipokuwa gogo, nikaweka viganja chini, nikanyoosha mgongo.

“Kaa.”

Alisita. Kisha akakaa. Alikuwa mwepesi kama kapu la dagaa wakavu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kokoto. Mlinzi alifungua kitabu cha mwongozo, akakipekua kutoka mbele hadi nyuma. Kupiga magoti mbele ya mtu mzima hakukukatazwa popote. Kwetu kupiga magoti ndiyo salamu kubwa kuliko zote. Akaandika kwenye daftari lake: salamu moja, daraja la kwanza, dakika kumi na mbili.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumanne. Wiki ya tatu mjukuu wa Mzee Ruhuza akaja akapiga magoti kando yangu. Wiki ya tano tulikuwa wanane, tumepangana katikati ya kilima, na juu yetu wazee wanasengenya kama zamani. Nilisikia mengi. Nilisikia bibi akisema, juu ya mgongo wangu, kwamba mumewe huyu ana aibu kidogo lakini hajawahi kumdanganya.

*

Habari ilifika wizarani. Wizara yetu haiachi jema likapita bila kulitia nembo. Mheshimiwa Kitwange alitangaza redioni Awamu ya Pili ya Mradi, iitwayo Benchi Hai, ambayo haitumii mbao, haiozi, haiingiwi na siafu, na inawapa vijana ajira ya kudumu wakiwa wameinama. Bwana Pazi alikuja na fomu.

“Mheshimiwa ameagiza iandikwe na mkono uleule,” alisema. “Na safari hii ameongeza nafasi ya kujazia. Beti tano, zenye kituo kimoja. Anataka neno fahari liwemo.”

Kurasa kumi na tatu zilikuwa zilezile. Wa kumi na nne ulikuwa na swali lilelile: Wazee wa mahali penu wanahitaji nini? Nafasi ya kujazia ilikuwa ukurasa mzima, mweupe. Nawaambia ukweli, beti tano zilikuja. Zilikuja zenyewe, zimevaa, zina fahari, zina vina ambavyo mtu angeweza kuvipiga ngoma. Zilisimama mlangoni zikisubiri kuingizwa. Magoti yangu yalikuwa na vidonda, na Jumanne bado ilikuwa mbali.

Niliandika neno moja. Nikaweka nukta.

Fomu ilirudi baada ya siku tatu tu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya nchi. Pembeni paliandikwa kwa wino mwekundu: Jibu halina vina wala mizani. Rudia. Nikarudia. Nikaandika neno lilelile, nikarudisha. Ikarudi.

Jumanne nilikuwa nayo mfukoni, na ilianguka nilipopiga magoti. Bibi aliiokota kabla ya kukaa.

“Ni ile ya serikali?”

“Ndiyo. Wamenirudishia.”

“Umewaandikia nini?”

“Benchi.”

“Na nini?”

“Basi. Benchi tu.”

Alikaa. Nikasikia karatasi ikikunjuliwa juu yangu. Hajui kusoma, lakini alikuwa anaitazama, na neno moja katikati ya ukurasa mweupe hata asiyesoma huliona.

“Neno lenyewe dogo hivi,” akasema. “Na ile ya kwanza ulijaza hivihivi?”

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu aliye chini ya mwingine haonekani uso. Mlinzi alikuwa anapiga mluzi. Mbele yangu niliona miguu ya nguzo za bango, na juu yake, nikiinua kichwa kidogo, niliona herufi zangu, kubwa, kijani, zimepakwa upya kwa ajili ya Awamu ya Pili.

“Hapana, bibi.”

“Uliandika nini?”

“Niliandika shairi. Nilisema hamtaki kitu.”

Hakuna kilichotikisika mgongoni mwangu. Mzee Ruhuza, aliyekuwa amemkalia mjukuu wake hapo jirani, alikuwa anasimulia jambo, akakatisha.

“Ulikuwa unajua kwamba nataka,” bibi akasema.

“Nilijua.”

“Na pale uwanjani ulijua.”

“Nilijua.”

“Lilikuwa zuri? Hilo shairi?”

Sikutaka kumdanganya tena hata kwa hilo. “Lilikuwa zuri.”

“Haya,” akasema.

Nilisubiri aniite mume wangu. Nilisubiri hata talaka. Alikunja ile karatasi, mara moja, mara mbili, akaitia kwenye pindo la kanga yake. Kwa kawaida hupumzika dakika kumi na mbili, kisha hunigonga bega kwa vidole kwamba tuendelee. Siku hiyo jua lilitutoka usoni likaja utosini. Wengine waliinuka wakapanda, wakafika, wakarudi wakatupita. Msichana mmoja wa shule aliyekuwa na haraka alisimama na daftari lake, akamtazama bibi, akanitazama mimi, akaondoka bila kusalimia.

Nilimsikia bibi akipumua juu yangu, lakini hakuinuka, na mimi sikumwambia ainuke. Nilihesabu kokoto zilizokuwa chini ya magoti yangu. Chini ya goti la kulia zilikuwa nane. Chini ya kushoto zilikuwa nane.